Shangazi, mashemeji wanasema nimemlisha mume wangu sumu

Asalaam aleikum Shangazi,

Jina langu usiliandike. Nauza samaki soko kuu la Arua, nakaa Oli. Mume wangu ana miaka 49, ni dereva wa lori la Juba, lakini kwao ni Panyimur, amekulia majini na nyavu. Tuna watoto wanne. Wa kwanza nilimzaa mwaka 2001, wa mwisho ni binti, yuko darasa la tano.

Mwaka juzi mume wangu alianza kuchoka ovyo na macho kuwa ya njano. Nikafikiri ni malaria. Hospitali ya rufaa wakampima damu, wakasema ana hepataitisi B na ini limeshaanza kuharibika. Wakampa vidonge, kimoja kila siku, bure, na wakamkazia asiviache. Alivimeza mwaka mzima, nguvu zikarudi, akarudi barabarani.

Balaa lilianza siku turnboi wake alipoliona lile kopo. Akasema hizi ni dawa za ukimwi. Maneno yakazunguka stendi ya malori, yakafika mpaka kwao. Mume wangu aliona aibu, hata msikitini akawa haendi. Ndipo shemeji mkubwa alipomleta mzee mmoja wa mitishamba na chupa ya maji meusi, glasi moja asubuhi, moja jioni. Mzee akasema dawa yake na za kizungu hazikai tumbo moja. Vidonge akavitupa.

Haikupita miezi mitatu, tumbo likajaa. Limejaa, Shangazi, mpaka kitovu kimetokeza nje kama kifungo cha koti. Mguu ukiubonyeza, kidole kinaacha shimo. Lakini mabega na mikono imekwisha, saa yake inateleza mpaka kwenye kiwiko. Kliniki moja hapa mjini walimtoa maji, yakajaa beseni. Siku tisa, yamerudi. Wakamtoa tena, tukalipa tena, yakarudi tena. Hakuna aliyetuambia yanatoka wapi.

Wiki hii ndiyo imenitisha. Mchana kutwa amelala, usiku yuko uani anazunguka. Juzi asubuhi nilimwekea chai. Akavuta kopo la chumvi, akatia vijiko viwili, akakoroga, akanywa mpaka chini bila kukunja uso. Nikamwuliza jina la binti yetu wa mwisho. Akanitajia jina la dada yake aliyefariki zamani. Mama mkwe anasema amepandwa na majini. Mashemeji wao wanasema ni sumu, na sumu imetoka jikoni kwangu, maana mimi ndiye ninayempikia, na tumbo la namna hii huku kwetu kila mtu ana jina lake.

Jumapili kuna kikao. Wanataka kuuza shamba tulilonunua Vurra ili apelekwe India kubadilishwa ini. Wameshaamua kwamba kijana wangu mkubwa atatoa kipande cha ini lake. Kijana amekubali hapo hapo, hakuuliza hata swali moja.

Shangazi, hii ni sumu kweli? Vidonge anaweza kuvirudia? Niwaache wauze shamba? Na mwanangu wakimpasua, atabaki mzima?

Mama wa Oli, Arua

*

Waaleikum salaam, binti yangu.

Kikao kinaweza kungoja Jumapili. Mume wako hawezi kungoja. Ukimaliza kusoma aya hii weka simu chini, tafuta gari, mpeleke hospitali ya rufaa leo hii, idara ya dharura, na hadithi ya chai ya chumvi iwe ya kwanza kuwaambia. Usianze na tumbo. Tumbo wataliona wenyewe. Njiani akitapika damu, au choo kikitoka cheusi kama lami, waambie kabla hata ya salamu. Na homa, kama ipo. Haya mengine utayasoma ukiwa umekaa kwenye benchi la wodi.

Sumu ipo, ila haikutoka jikoni kwako. Inatengenezwa ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu, wa shemeji yako pia, chakula kinaposagwa. Mojawapo inaitwa amonia. Kwa mtu mzima wa afya, damu ikitoka utumboni hupitia kwenye ini kwanza, ini huisafisha, ndipo iendelee mwilini. Ini la mume wako limejaa makovu. Damu nyingine inapita bila kusafishwa, nyingine inatafuta njia za kando na kulikwepa kabisa, na uchafu unapanda kichwani. Ndiyo maana usiku na mchana vimebadilishana na majina yanapotea. Nilifanya kazi ya unesi wodi ya wanaume miaka mingi, na tulikuwa na kipimo chetu kisichohitaji mashine. Tunamwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele na kuinua viganja, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari. Wa namna hii viganja vinashindwa kutulia, vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka. Hakuna jini hapo.

Dawa yake ya kwanza ni sharubati tamu inayoitwa laktulosi. Atakwenda choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Nakuonya mapema, kwa sababu nimeona ndugu wengi wakiificha chupa wakidhani imemletea kuhara. Hiyo ndiyo kazi yake, kuutoa ule uchafu kabla haujaingia kwenye damu. Madaktari pia watatafuta kilichomvuruga wiki hii. Inaweza kuwa kufunga choo, damu inayovuja ndani kimya kimya, dawa za usingizi, au yale maji ya tumboni kuingia wadudu. Hili la mwisho linaua haraka, na hujulikana kwa kuchota maji kidogo kwa sindano na kuyapima maabara, kisha antibayotiki kwenye mshipa. Waulize watu wa kliniki yako kama yale maji ya kwenye beseni waliwahi kuyapima. Nadhani jibu ninalijua, na linaniudhi.

Sasa maji yenyewe. Ini likikakamaa, damu inayotoka utumboni na kwenye bandama inakuta njia nyembamba, inarundikana nyuma yake kama malori ya Juba pale mpakani Elegu. Msukumo unapanda. Figo nazo zinadanganyika, zinadhani mwili umekaukiwa, zinaanza kubana chumvi. Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo, na yanavujia kwenye uwazi wa tumbo. Kumtoa maji mtu wa hivi na kumrudisha nyumbani bila dawa ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Mume wako ni mtoto wa Panyimur, hili akirudiwa na akili atalielewa kuliko sisi sote. Kuyatoa si kosa. Tumbo likibana pumzi ni lazima yatolewe, na yakitoka mengi sana kwa mkupuo, zaidi ya lita tano, anatakiwa kurudishiwa albumini, ile protini ya damu, kwenye mshipa ili figo zisianguke. Lakini tiba ya kila siku ni vidonge vya kukojosha, kwa kawaida spironolaktoni pamoja na frusemaidi, damu ikipimwa mara kwa mara kuangalia figo na madini. Mpime uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai, uandike kwenye daftari. Miguu ikishanywea, kupungua nusu kilo kwa siku kunatosha. Akipungua kwa kasi zaidi, figo zinaumia.

Na chumvi, mama. Hapa ndipo kazi yako ilipo, kubwa kuliko ya daktari. Chumvi yote ya siku nzima, ya mchuzi, ya mkate, ya kila kitu, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, bora ipungue. Wewe unauza samaki. Wale wa kukaushwa na chumvi, hata ukiwaloweka usiku kucha, si chakula chake tena. Mpelekee wabichi. Magadi unayotia kwenye bamia na majani ya kunde nayo ni chumvi kwa jina jingine, hata kama ulimi hausemi hivyo. Unga wa mchuzi wa pakiti, hivyo hivyo. Tumia limau, tangawizi, vitunguu, nyanya za kutosha.

Lakini usimnyime chakula. Zamani sisi wenyewe tuliwakataza wagonjwa wa ini nyama na mayai, na tulikosea. Hayo mabega yaliyokwisha ni misuli ambayo mwili unaitafuna kwa njaa, kwa sababu ini bovu haliwezi kuweka akiba ya usiku. Mpe mayai, maharage, samaki mbichi, kidogo kidogo mara nyingi, na uji au kitu kingine kabla hajalala. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, hata kwa kuku usiwape. Ile sumu ya ukungu ikikutana na kirusi cha hepataitisi B, zinasaidiana kuleta saratani ya ini.

Akiumwa mgongo, asimeze diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa, zitamaliza figo. Parasetamoli anaweza, kwa kiwango kidogo atakachoambiwa. Pombe ya waragi hukuitaja, nami sitamsingizia mtu wa msikitini, ila wanaume wa masafa wana maisha yao. Kama ipo, iishe leo.

Kuhusu vidonge: ndiyo, arudi, na ningependa shemeji mkubwa akae chini asikilize sehemu hii. Dawa ile, kama sikosei, ni tenofovia. Turnboi hakusema uongo mtupu. Ni kweli tenofovia imo pia ndani ya dawa za ukimwi, kwa sababu inazuia virusi vya aina zote mbili visizaliane. Mwenye hepataitisi B akiimeza haina maana ana ukimwi. Hospitali watampima vyote kabla ya kumrudishia, pamoja na figo, kwani akiwa na vyote viwili dawa huchanganywa kwa namna nyingine. Haiui kirusi kabisa, inakilaza. Mtu akiiacha ghafla kirusi kinaamka kwa hasira, na kwa ini ambalo lilikuwa linasimama kwa mguu mmoja, kuamka huko ndiko kunakoleta tumbo kama hili. Hesabu mwenyewe: aliacha vidonge, miezi mitatu, maji. Hakuna haja ya kumtafuta mchawi.

Je, ini linaweza kurudi? Kuna wagonjwa 96 ambao maini yao yalikuwa yamekakamaa, waliomeza tenofovia miaka mitano, wakachukuliwa vipande vidogo vya ini na kutazamwa kwa hadubini. Kwa 71 kati yao ule ukakamavu ulikuwa umelegea. Hao hawakuwa wamefika kwenye hatua ya maji tumboni, kwa hiyo sikuahidi hivyo. Mwenye maji na kuchanganyikiwa, akiachwa bila kutibiwa kisababishi, mara nyingi hamalizi miaka miwili au mitatu. Lakini akirudishiwa dawa mapema na akavuka wiki hizi, wapo ambao maji yamekauka na wamerudi kufanya kazi. Nimewaona, mmoja alikuwa fundi baiskeli.

Ni lini aliipata? Hili ulichukue ulipeleke kikaoni kama lilivyo. Mtu mzima akiambukizwa hepataitisi B, mara nyingi mwili unaifukuza. Hawafiki watano kati ya mia ambao inawabakia. Mtoto mchanga akiipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, tisa kati ya kumi wanabaki nayo. Watoto wadogo nao wanaambukizana kwa vidonda na nyembe. Kwa hiyo mtu wa miaka 49 mwenye ini lililokakamaa kwa kirusi hiki, yaelekea sana alikuwa nacho kabla hajaota ndevu, kabla hajakujua wewe wala jiko lako. Upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2005 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya kumi Uganda ana kirusi hiki, na kaskazini ndiko walikokutwa wengi zaidi. Hayo matumbo mnayoyaita sumu ni mengi huko kwenu kwa sababu hiyo.

Na jambo la Panyimur. Waliokulia kwenye maji ya Ziwa Albert na Nile wengi wana kichocho cha tumbo, na mayai ya wale minyoo yanaziba mishipa ndani ya ini. Mume wako anaweza kuwa na vyote viwili. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, ya bei ndogo. Haifuti makovu ya zamani lakini inazuia mapya. Mwambie daktari amekulia wapi, maana wa Kampala anaweza asiulize. Msukumo ule niliousema hufanya mishipa ya kwenye koo la chakula ivimbe, na ikipasuka mtu anatapika damu mabonge. Kuna vidonge vya kuushusha, kama propranololi, na kuna kamera inayoshushwa kooni ili kuifunga ile mishipa kwa vipete vya mpira. Uliza kama Arua wanafanya sasa au mtaelekezwa kwingine.

Aombewe pia picha ya ini, na kila miezi sita irudiwe, pamoja na kipimo cha damu cha saratani. Uvimbe ukikutwa mdogo kuna la kufanya, na Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala, ndiko mtakakoelekezwa. Ukikutwa mkubwa, kilichobaki ni kupunguza maumivu.

Sasa shamba. Kubadilishwa ini ni tiba ya kweli, si porojo. Uganda bado hatubadilishi maini. Figo ya kwanza ilipandikizwa Mulago mwishoni mwa 2023, na ini ni kazi ngumu zaidi ya hapo. India wanafanya, tena kwa kipande cha ndugu aliye hai. Bei ni makumi ya maelfu ya dola, bila tiketi, bila kupanga nyumba miezi kadhaa karibu na hospitali. Na haiishii hapo. Atameza dawa za kuzuia mwili usilikatae ini jipya maisha yake yote, na dawa ya kirusi juu yake. Mkiuza shamba mkapata ya upasuaji tu, mtamrudisha nyumbani na ini jipya ambalo hamwezi kulilisha. Isitoshe, hakuna daktari wa maana atakayempasua akiwa na wadudu tumboni na kichwa kimevurugika. Kwanza atulizwe. Miezi mitatu hadi sita ya tenofovia itaonyesha kama ini linanyanyuka lenyewe. Akikwama hapo, mwombe daktari wa maini wa Mulago aandike barua, ndipo mzungumze shamba. Mimi nisingeuza kabla ya barua hiyo. Wakala wa usafiri wa matibabu akikupigia simu na bei nzuri, mwambie utampigia.

Kijana wako nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye anayenikosesha usingizi. Ni kweli mtu akitoa hata zaidi ya nusu ya ini, linakua tena, na kwa miezi michache linakaribia ukubwa wake. Wengi wanapona. Wachache wanapata shida kubwa, na wachache sana wanakufa, vijana wazima kabisa. Lakini kuna jambo la kabla ya hilo. Chanjo ya hepataitisi B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga nchini mwetu mwaka 2002. Yeye alizaliwa 2001. Wadogo zake huenda walichanjwa wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Yeye alipitwa kwa mwaka mmoja. Amekulia nyumba moja na baba mwenye kirusi, labda wembe mmoja. Kabla mtu hajataja kipande cha ini lake, apimwe kama hilo ini halina ugonjwa ule ule. Akikutwa nao, hawezi kutoa, na yeye mwenyewe anahitaji kuangaliwa tangu sasa, angali na nguvu. Akikutwa hana, achanjwe, dozi tatu. Kuamua kutoa au kutotoa aulizwe peke yake, chumbani na daktari, bila mashemeji mlangoni.

Wewe pia upimwe, na hao watoto wengine watatu, hata kama kadi za chanjo zipo. Labda ulichanjwa kwenye kampeni ya watu wazima iliyoanzia huko kaskazini mwaka 2015; kama hukumbuki, pima. Mpaka majibu yatoke, tumieni kondomu. Sahani na vikombe msitenganishe, haiambukizi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono, na mtu mgonjwa kutengewa kikombe ni uchungu ambao hauna faida yoyote. Nyembe, miswaki na mashine za kukata kucha ndivyo vya kutenganisha.

Jumapili usiende kujitetea. Mwombe daktari au nesi wa wodi aongee na shemeji mkubwa kabla ya kikao, yeye peke yake, na amweleze habari ya kuacha vidonge. Huyo ndiye aliyemleta mzee wa chupa, na nadhani ndani yake ameshaanza kuhesabu miezi. Mpe nafasi ya kugeuka bila kuaibishwa mbele ya ndugu zake. Utamhitaji kwa nauli ya Mulago.

Chupa yenyewe usiimwage. Ifunge vizuri, iandike tangu lini na glasi ngapi, uiweke kwenye mfuko mmoja na lile kopo la vidonge kama bado lipo, na daftari la uzito. Mitishamba mingine inachoma ini na mingine haina neno, lakini kwa macho hazitofautiani, na daktari hawezi kuhesabu asichokiona.

Shangazi